Sauti Nyingi Ghalani

Wiki iliyopita nilipita mbele ya kibanda cha fundi wa redio mjini Kitale, nikakutana na harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utotoni: vumbi linaloungua taratibu ndani ya amplifaya iliyowashwa kutwa nzima. Fundi aliniuliza kama simu yangu ilikuwa na shida. Moyo ulinidunda kama wa mtoto aliyesikia hatua nyuma yake, na ilinibidi nisimame pale pale, mtu mzima mwenye shahada na nyumba yake, nikisubiri woga wa zamani unipite.

Walio wa rika langu wanamjua Nekesa, dada mdogo wa baba yangu, kama mwanamke wa gitaa jekundu. Wamemwona jukwaani Eldoret, Nairobi na Kampala akiimba pop-punk, ule muziki wa gitaa za kasi na maneno ya kupayuka, ambao aliuimba kwa Kiswahili chetu cha bara wakati wengi walidhani ni wa Kiingereza tu. Wanajua pia kwamba katika albamu zake za mwanzo kila ala ilipigwa na yeye mwenyewe: ngoma, besi, gitaa, kinanda, hata sauti za waitikiaji. Watu wanapoieleza kazi yake, jambo hilo hulitaja kama sifa. Mimi nililijua kwanza kama jambo la kutisha, kwa sababu nililifahamu kwa kulisikia kupitia ukuta.

Senge, kama tunavyomwita shangazi kwetu, alikuja kuishi nasi Kitale alipomaliza chuo. Baba alikuwa mtumishi wa serikali na mzee wa kanisa, na nyuma ya nyumba yetu palikuwa na ghala la mahindi yaliyotoka katika shamba letu lililoko Kwanza, nje ya mji. Msimu ule mahindi mengi yalikuwa yameshauzwa, hivyo Baba akampa Senge nusu ya ghala aweke vitu vyake. Ukuta wa ghala ulikuwa ndio ukuta wa chumba changu. Kitanda changu kiliugusa. Nikilala mchana baada ya shule, nilinusa magunia, dawa ya fukusi, na baadaye ile harufu ya vumbi linaloungua.

Siku ya kwanza nilimwona Senge akiingia peke yake na kufunga komeo kwa ndani. Nikasikia ngoma ikianza. Hilo halikunishangaza. Kisha besi ikaingia, nzito, ikitetemesha fremu ya kitanda, na ngoma haikunyamaza. Likaja gitaa, na besi haikunyamaza. Hatimaye sauti ya Senge ikauliza kwa wimbo:

Nani yuko nje?

Na kutoka mle mle ndani, sauti nyingine, nyembamba, kama ya mtu aliyenyeshewa usiku kucha, ikajibu:

Ni mimi, nifungulie.

Nilijua kwamba mtu ana mikono miwili na mdomo mmoja. Nilijiangalia mikono yangu nikajaribu kupiga ukuta kwa mmoja na kitanda kwa mwingine, na tayari nilikuwa nimeishiwa. Mle ndani palikuwa na watu. Niliondoa kitanda ukutani kwa kukivuta kidogo kidogo, na jioni Mama alipokirudisha mahali pake nilikaa juu yake bila kulala.

“Mama,” nilimuuliza siku moja akisonga ugali, “Senge anaimba na nani?”

“Na mashine zake,” alisema. “Sogea, utaungua.”

Alinijibu ukweli, lakini ukweli huo haukunisaidia. Mashine nilizozijua mimi zilikuwa mbili: ya kusaga unga wa posho na ya kupukuchua mahindi. Hakuna hata moja iliyokuwa na sauti ya Senge. Kwa hiyo nikaamini kwamba Mama pia anaogopa, na kwamba ananificha.

Si mimi peke yangu niliyesikia. Mama Sharon, jirani aliyeuza sukuma wiki upande wa pili wa ua, alimwita Mama akiwa bado ameshika kisu cha kukatia mboga.

“Jirani, huko kwenu kuna kesha ya mchana ama?”

“Ni wifi yangu huyo. Anafanya mazoezi.”

“Peke yake? Aki wewe! Mimi nimesikia watu wakizozana huko. Mmoja anaulizwa ni nani, na hataki kusema jina.”

Mama alicheka. Mama Sharon hakucheka. Haukupita muda, akina mama wa kanisa wakaja kwetu alasiri na vitambaa vyao vyeupe, wakanywa chai, kisha wakasimama na kuomba. Wakati wa kuomba waligeuka wote kuelekea ghala. Nililiona hilo kwa sababu sikuwa nimefumba macho.

Baba alimwita Senge sebuleni. Nilikuwa nyuma ya pazia.

“Nekesa, watu wanauliza.”

“Wanauliza nini, kaka?”

“Wanauliza ni nini kinapiga kelele ndani ya boma la mzee wa kanisa.”

“Si uwaambie ni dada yako?”

“Nimewaambia. Ndiyo wakazidi kuomba.”

Senge aliangua kicheko. Mama naye alijifunika mdomo kwa leso. Baba alingoja wamalize. Nilimzoea Baba wa kufoka, na Baba wa kufoka hakuwa wa kutisha, kwa maana hasira yake ilikuwa na mwisho. Siku ile aliishusha sauti hata nikalazimika kusogeza sikio kwenye pazia.

“Wacha hii kitu, Nekesa. Nakuomba. Wacha kabla haijakushika kabisa.”

Kesho yake ghala likafungwa kwa kufuli. Shule zilikuwa zimefungwa pia, na Senge akaambiwa aende nyumbani Bokoli akakae na mama yao, Kukhu wetu, mpaka akili yake itulie. Mimi nikapelekwa pamoja naye. Alibeba gitaa lake na mkoba mmoja. Njia nzima nilikaa mbali na mkoba ule kadiri kiti kilivyoniruhusu.

Bokoli hakukuwa na ukuta wa kusikilizia, na nilidhani nitapona. Lakini tulipofika tu, Senge aliugua. Homa ilimpanda, akawa anatetemeka chini ya blanketi mbili katikati ya mchana, na sauti ikamtoka kabisa. Alipotaka maji alionyesha kwa mkono. Katika zahanati walisema ni malaria pamoja na koo lililochoka, wakampa dawa, na Kukhu alihakikisha amezimeza zote. Hata hivyo, tukiwa wawili jikoni tunapukuchua maharagwe, Kukhu alinieleza mambo ambayo zahanati haikuyasema.

Alinieleza juu ya Kuka, babu yangu, ambaye sikumkuta hai. Kuka alipiga litungu, kinubi cha Wabukusu, katika harusi na matanga kuanzia Bokoli mpaka Tongaren. Hakufundishwa na mtu. Ulikuwa wito wa ukoo, ulioletwa na misambwa, yaani wazee waliotangulia, na alipokufa wito ulitafuta mahali pengine pa kukaa.

“Urikuja kwa baba yako,” Kukhu alisema. Alikuwa na matamshi ya kwao, r ikikaa mara nyingine mahali pa l. “Baba yako arikataa. Arisema yeye ni wa kanisa.”

“Ikawaje, Kukhu?”

“Vidole vyake si unaviona?”

Nilikuwa nikiviona tangu nizaliwe. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunyooka. Nyumbani tuliambiwa vilinaswa na mashine ya kupukuchua mahindi, na mpaka pale jikoni sikuwa nimefikiria kuuliza kwa nini mashine ilichagua vile tu, vya mkono unaoshika nyuzi. Kukhu hakunieleza kwa nia ya kunitisha. Alisema kama mtu anayeeleza ni shamba la nani linapakana na letu. Maharagwe yaliendelea kudondoka ndani ya ungo.

“Sasa imekuja kwa Nekesa. Hizo nyuzi zake ni za stima, lakini nyuzi ni nyuzi.”

Niliuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kifuani: kama mwenye kuitwa akizuiwa, akiwa ameshaanza, hutokea nini? Kukhu alifikiri kidogo. Akasema kwamba hata Kuka, uzi wa litungu ulipokatika katikati ya wimbo, wimbo haukukatika. Waliokaa waliubeba kwa mdomo, kwa makofi, kwa kugonga vibao vya kukalia, mpaka afunge uzi mwingine. Ndivyo ilivyokuwa desturi kila alipopiga, na mgeni ambaye hakujua aliambiwa kabla hajaketi.

“Wimbo hauachwi chini,” alisema. “Ukiachwa, mwenye kuimba ndiye anaanguka.”

“Anaanguka namna gani?”

“Anaanguka tu. Hebu pulizia huo moto.”

Nilipulizia moto, na moshi ukanipa sababu ya kutoa machozi. “Usirie, mama,” Kukhu alisema, “kuni ni mbichi.” Nilikuwa nimemwona mtu akianguka mara moja tu, kwenye mazishi, na hakuinuka siku ile wala baadaye. Kichwani mwangu mambo yalijipanga vizuri mno: Baba alikataa, vidole vikakunjwa. Senge alizuiwa, homa ikamshika. Kilichobaki ni kuanguka.

Senge alipopata nafuu, sauti yake ikarudi ikiwa na ukwaruzo ambao haukumtoka tena maisha yake yote, na ambao leo watu husema ndio uzuri wake. Jambo la kwanza aliloniambia kwa sauti hiyo lilikuwa kwamba ana shoo Bungoma Jumamosi mchana, katika ukumbi, pamoja na vijana wengine. Alikuwa ameikubali kabla ghala halijafungwa. Kukhu hakumkataza.

“Enda na huyu mtoto,” alisema. “Mtu haendi mbele ya watu peke yake.”

Lakini habari zilimfikia Baba, naye akapiga simu. Senge aliiweka kwenye spika kwa sababu alikuwa akifua.

“Nakuja kukuchukua huko huko Bungoma,” Baba alisema. “Hata ukiwa juu ya jukwaa.”

“Kaka, utaniaibisha mbele ya watu?”

“Afadhali aibu.”

Alikata simu. Senge aliendelea kukamua nguo ile ile mpaka ikakauka mikononi mwake.

Ukumbi ulijaa viti vya plastiki na vijana waliokuwa wakiitana kwa sauti kubwa. Wacheza dansi walitangulia, wakashangiliwa. Senge aliniweka kwenye kiti cha mbele na kuniambia nisiondoke.

Aliketi kwenye ngoma za ukumbi, akapiga kidogo, akakanyaga kitu cheusi kilichokuwa sakafuni, kisha akasimama na kuondoka. Ngoma iliendelea. Kigoda kilikuwa kitupu, vijiti vimelala juu yake, na ngoma iliendelea kulia kwa nguvu ile ile. Vijana walipiga miluzi kwa furaha. Mimi nilitazama ngozi ya kigoda kuona kama imebonyea. Akashika besi, akakanyaga, akaiweka chini, nayo ikaendelea. Kisha gitaa. Wote walikuwa wamekuja, wale wa ghalani. Walikuwa wamesafiri nasi ndani ya mkoba. Akauliza, Nani yuko nje?, na midomo yake ikiwa imefungwa nikasikia sauti yake ikijibu, Ni mimi, nifungulie. Nilitelezesha makalio mpaka nikawa karibu kukaa sakafuni.

Nilipogeuka kutafuta mlango, nilimwona Baba. Alikuwa amevaa koti la ofisini, akija katikati ya viti kwa hatua za haraka, na watu walikuwa wakivuta miguu kumpisha. Nilielewa kwamba atamkatiza Senge katikati ya wimbo. Nilitaka kumwambia asifanye hivyo.

Hakufika. Stima ilipotea.

Vyote vilinyamaza kwa pamoja: ngoma, besi, gitaa, ile sauti nyembamba. Feni za darini zilipunguza mwendo zikasimama. Senge alibaki na mdomo wazi mbele ya maikrofoni iliyokufa. Halafu vicheko vikaanza.

“Hata stima imekataa hiyo kelele!”

“Dada, shuka! Rudisha wale wa dansi!”

“Mwacheni bana. Si aimbe tu hivyo, tuone kama alikuwa anatubeba ufala, anatudanganya na mashine!”

Senge alipiga gitaa lake. Bila umeme lilitoa mlio mdogo, kama misumari inayotikiswa ndani ya mkebe. Akauliza kwa sauti yake iliyokwaruzwa, Nani yuko nje? Akanyamaza mahali pa jibu. Jibu halikuja. Akauliza tena, sauti ikampasuka katikati, na nikamwona akishikilia nguzo ya maikrofoni. Wale wengine walikuwa wamemwacha. Wimbo ulikuwa chini sakafuni, mimi nimeuona, na Senge alikuwa ameanza kuanguka.

Nilipanda juu ya kiti. Nilipiga ukelele:

“Ni mimi! Nifungulie!”

Haukuwa uimbaji. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na mtu mmoja nyuma yangu akasema, “Huyu naye ametoka wapi?” Senge alinitazama kama asiyenijua. Kisha, polepole, akauliza tena, na mimi nikajibu tena, nikilia, kamasi zikinitiririka, kwa maneno niliyoyajua yote kwa sababu nilikuwa nimeyasikia siku baada ya siku nikiwa na mto kichwani.

Baba alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu. Alinikazia macho kwa uso niliodhani ni wa ghadhabu, nami nikajikunja kusubiri anishushe. Leo naujua uso ule. Nimeuona kwa wazazi wanaongoja nje ya chumba cha upasuaji. Akainua mikono yake na kuanza kupiga makofi, mazito, ya taratibu, mahali pale pale ngoma ilipokuwa. Naye alikuwa ameishi upande wetu wa ukuta wa ghala, akiusikia wimbo ule. Naye alikuwa amelelewa katika nyumba ya litungu, akabeba nyimbo za babake kwa makofi kabla hajafikia umri wa kukataa chochote. Mstari wa vijana waliokuwa karibu naye uliyadaka makofi, nadhani kwa mzaha mwanzoni. Mstari mwingine ukafuata. Senge alipouliza tena nani yuko nje, sauti yangu haikusikika kabisa, kwa kuwa ukumbi mzima ulijibu.

Stima haikurudi. Wimbo uliisha bila stima.

Nyuma ya ukumbi Senge aliketi juu ya kreti za soda. Baba alisimama pembeni akiwa amevua koti. Nilimsogelea Senge, nikamuuliza jambo nililoogopa kuliko yote.

“Wameenda wapi?”

“Kina nani?”

“Wale mnaoimba nao. Wa kwa ghala.”

Akafungua mkoba, akatoa kile kitu cheusi, akakiweka mapajani mwangu. Kilikuwa kijisanduku cha chuma chenye kitufe, bado kina joto.

“Ndio hawa. Nikipiga, inashika. Nikikanyaga, inarudia.”

“Na yule anayejibu?”

“Ni mimi.”

“Na wa ngoma?”

“Ni mimi, mama. Wote ni mimi. Hakukuwa na mtu.”

Alisema hivyo akitabasamu, akitarajia nifurahi. Nililia kuliko nilivyolia ukumbini. Miezi ile yote nilikuwa nimeogopa wingi wa watu ghalani, na sasa nilimwona mle ndani, komeo limefungwa, akiuliza ni nani yuko nje, kisha akibadilisha sauti na kujijibu mwenyewe, huku sisi sote tukiwa nyuma ya ukuta tunaomba. Nimesoma mengi tangu wakati huo na bado sijakutana na jambo lililonitia hofu kama hilo. Baba alisikia maneno yale. Alikunja koti lake mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena.

Tulirudi Kitale sote watatu. Baba hakumweleza mtu yeyote kitu, na kanisani walipomshauri apumzike kidogo kutoka kwenye uzee wa kanisa, alipumzika. Alifungua kufuli la ghala. Kisha kila alasiri, akitoka kazini, hata kabla ya chai, aliingia mle ndani, akavuta gunia moja, akaketi juu yake na kofia yake magotini. Mimi nilikaa karibu na miguu yake, nikiwa bado na woga, lakini sasa nilikuwa naona mikono inayopiga. Miaka ilipita kabla Senge hajapata wenzake wa kupiga nao, vijana watatu ambao leo huzunguka naye, na mpaka walipopatikana Baba hakukosa. Muziki wenyewe hakuupenda hata siku moja. Gitaa lilipopanda alijikunja kama mtu anayeng'olewa jino.

“Kaka,” Senge alimwambia wakati mmoja, mguu ukiwa juu ya kile kijisanduku, “nenda tu ukapumzike. Unaumia.”

“Sijasema naumia.”

“Uso wako umesema.”

“Basi usiangalie uso,” Baba alisema. “Piga.”